Kilo Kumi Zilizomzuia Mama Cherehani

Mheshimiwa mwenye jengo, Ndugu meneja, wapangaji wangu kuanzia ghorofa ya nane kushuka hadi chini, kama lifti inavyoshuka. Na wewe Mama Cherehani wa ghorofa ya saba, uliyekaa ukanipa mgongo: hamjambo?

Leo nastaafu pamoja na lifti ya zamani. Nani mwingine ameendesha lifti miaka kumi na tisa bila waya kukatika? Asimame tumwone! Hayupo. Mimi nimeona dunia, jamani. Nilikuwa mpishi wa meli, nimekanyaga bandari kumi na moja, na katika mojawapo nikanunua ile mizani ya kusimamia mnayoijua nyote, maana hakuna aliyeingia lifti yangu bila kuipanda kwanza.

Kibao cha lifti kilisema mwisho kilo mia nne na hamsini. Mimi mwenyewe mizani ilinisoma mia na tisini. Ukiniongezea mhasibu, mia mbili na ishirini, tumejaa! Ndiyo maana nilibeba abiria mmoja mmoja, na nyie wengine mkapanda ngazi. Mlinung'unika, lakini hebu tazameni vigimbi mlivyonavyo! Nani hapa ana kitambi? Meneja peke yake, naye amehamia mwezi uliopita.

Sasa Mama Cherehani. Mizani ilimpa mia mbili na sabini; pamoja na zangu, mia nne na sitini.

"Umezidi kilo kumi, mama."

Akavua viatu. "Bado nane." Akavua bangili, akaweka mkoba chini. "Bado saba."

"Wewe baba, una wazimu?"

"Sheria ni msumeno, mama."

Akashika ngazi, na lile goti lake bovu, miaka yote kumi na tisa.

Juzi fundi wa lifti mpya, mwembamba kama ufito, akaipanda mizani. Mia na hamsini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mzee, mimi nina kilo sitini na nane! Mizani yako inasoma ratili, si kilo. Gawa kwa mbili, halafu toa sehemu ya kumi."

Kugawa! Kugawa kulifundishwa wiki niliyougua surua. Lakini nilipiga hesabu, nikairudia mara tatu. Mimi na Mama Cherehani, na mkoba, na bangili, hatufiki hata nusu ya kile kibao.

Ndugu zangu, nimeomba radhi kwa mengi maishani, mengine hata sikuyatenda. Hili nimelitenda. Dada yangu, nimemwomba mwenye jengo: utepe ukate wewe, na lifti mpya uipande wewe kwanza, kabla ya mheshimiwa yeyote. Nisamehe.

Anasemaje? Ameinuka! Anasema amenisamehe, ila cherehani yake mpya iko pale mlangoni, na niipandishe mimi. Kwa ngazi. Sanduku limeandikwa nini, mama? Ratili sitini? Nusu yake thelathini, toa tatu... kilo ishirini na saba. Haya, nipisheni.

Asanteni kwa kunisikiliza, na mkiona nachelewa kurudi, anzeni kula.