Mwalimu Enoch Pilling na Darasa Lililolala

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kanisani kwetu, mimi Jabez Holden, mkwe wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea historia ya maisha yake, nanyi mtaniwia radhi nikisoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1866 hapa Whinfold, Lancashire, mtoto wa nne wa Mzee Amos Pilling, mfumaji wa pamba, na Mama Hannah, akasoma shule ya kanisa hili hadi akawa mwalimu msaidizi, na mwaka 1888 akakabidhiwa darasa lake mwenyewe.

Miaka miwili kabla ya hapo, wachezaji walipokuwa wameanza tu kuruhusiwa kulipwa, alijiunga na timu yetu ya mpira, akaifungia magoli 231 hadi alipotundika viatu mwaka 1897, na wengi wenu mlikuwa mkimpigia kelele, "Mwalimu, beki huyo kachelewa, mchape!", naye alikuwa akifunga kwanza ndipo anacheka.

Darasa lake lilikuwa la watoto wa nusu siku, yaani sisi tuliofanya kazi kiwandani tangu alfajiri na kuingia shuleni mchana, tukilala juu ya madawati, na yeye mwenyewe, akiwa hoi kwa mechi na safari za treni, alituacha tulale. Mkaguzi alipokaribia alitukaririsha ukurasa mmoja wa kitabu, kila mtu wake, hata mwaka 1889 nilisimama nikaghani wangu bila kosa huku kitabu nimekishika kichwa chini, mkaguzi akitazama saa yake, nikafaulu. Tulimpenda sana kwa hayo.

Alifunga ndoa na Martha Ann Kershaw tarehe 2 Julai 1881, samahani, hii ya mwisho si moja, ni saba, nisameheni, macho yamejaa machozi, narudia, mstari unasema tarehe 2 Julai 1887, wakajaliwa binti mmoja, Selina, mke wangu.

Siku ya harusi yetu, tarehe 11 Septemba 1909, nilipewa kalamu nitie sahihi, nikachora msalaba, maana sikujua kuandika hata jina langu. Baba mkwe aliutazama, akatoka nje, hakugusa pai wala chai ya harusi. Jioni ile aliniambia, "Jabez, mwanangu, nilikuibia." Nikamjibu, "Mzee, acha hayo, muda wangu umeshapita," naye akasema, "Wangu bado."

Tangu hapo akawa anawatafuta watu wa darasa lile nyumba kwa nyumba, akianzia na mimi, akiwafundisha kusoma na kuandika jikoni kwao baada ya kazi, na wengine walimfukuza kwa aibu, akarudi. Mmoja hakumpata, Seth Ormerod, aliyefia vitani Afrika Kusini mwaka 1900 bila mama yake kupokea hata mstari mmoja kutoka kwake. Kila Krismasi marehemu alikwenda kumwomba radhi Mama Ormerod, naye, Mungu amlaze pema, alikuwa akimpoza, "Ulikuwa mwema kwake, Mwalimu, ulimwacha alale." Kila mara Baba alirudi kutoka kwa mama huyo akiwa mgonjwa wa moyo kuliko alivyokwenda. Hakujisamehe, na magoli yake hakutaka yatajwe, nami leo nimemwasi kwa hilo.

Alianza kuugua kifua Novemba 1930, akafariki nyumbani Ijumaa, tarehe 6 Februari 1931, baada ya kumwagiza Selina kwamba historia hii isomwe na mimi, si mchungaji.

Tunamshukuru Daktari Cunliffe na muuguzi wake, majirani waliotuletea makaa na supu, walimu wenzake, na wachezaji wazee waliobeba jeneza hadi hapa.

Baba, nimekosea tarehe moja, nimeirudia, nimeipata. Sikukariri. Karatasi nimeishika sawasawa. Sasa lala wewe, Mwalimu, kwa amani.