Doktora na Maneno ya Porini

Ndugu zangu wa Karuba, asante kwa kiti, lakini nitasimama. Nikikaa sasa nitasinzia mbele yenu. Muliomba niwaambie namna mutoto wa wawindaji wa Walikale alisoma filozofia na dini mupaka doktora. Ninyi wenye ngombe munafikiri doktora ni kama maziwa, unakamua, unakunywa. Hapana! Ile kitu ilinichokesha mupaka leo.

Kwetu mutoto mwanaume anaingia porini na wazee, anatahiriwa, anafundishwa. Anaapa: hii maneno mwanamuke hataisikia, wala mwanaume asiyeingia. Miye niliapa mbele ya kwenda seminari. Mapadri walinifundisha muzuri, kiisha wakanituma Bulaya. Huko niliandika teze, ni kusema kitabu cha kupatia doktora, juu ya namna wazee wetu wanamujua Mungu.

Profesere wangu alifurahi sana. Kiisha akauliza: "Na shapitre, ile sura ya mafundisho ya porini, iko wapi? Bila ile hautapita." Na teze inasemwa mu sale, chumba kikubwa cha mikutano, milango wazi, wamama wamekaa mbele na kofia zao.

Nawaambia ukweli, nililia. Nilikatala, wakanirudisha nyuma mwaka, na mwaka tena. Baridi, supu bila chumvi, na ile shapitre tupu juu ya meza. Nilifika kuchukia vitabu. Nilikuja konje, ni kusema likizo, nyumbani, nikamuomba Papa yangu, baba mwenye kunizaa, ruhusa ya kuandika. Akauliza:

"Wale watakaokupima, waliingia porini?"

"Hapana, Papa."

"Basi watapima nini?"

Akaenda kuangalia mitego yake. Miye nikarudi Bulaya na uchovu wangu.

Siku ya teze nilisimama bila ile shapitre. Wale wa kunipima wakaniuliza mbele ya watu wote: kule porini munaambiwa nini? Nikajibu: "Ninaijua, lakini siisemi. Kama ni kuanguka, nianguke."

Wakaanza kufunga makaratasi yao. Kati yao kulikuwa padiri mumoja muzee. Akawaambia wenzake: "Kila juma ninasikiliza zambi za watu katika kitubio. Hakuna kati yenu aliyeniomba niziandike."

Wakatoka, wakakaa sana huko nje, wakarudi. Walinipa doktora, na alama ya chini kabisa. Sikucheka, sikuimba. Nilienda kulala.

Namushukuru Mungu, na ule padiri muzee, hata jina lake sitalitaja. Namushukuru Papa yangu. Nilipofika nyumbani hakuniuliza kama nilipata ao nilikosa. Aliuliza: "Ulisema?" Nikamwambia: "Hapana, Papa." Akanikatia nyama, tukakula.

Ninyi Papa na Mama wenye watoto masomoni, siku watakaporudi na macho mekundu ya uchovu, musiwaulize tu kama walipita. Muwaulize walitoa nini ili wapite.