Nondo ya Pazia

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na mito hii maana sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe mwanangu wa kati, fundi wa kuchomelea, acha kusimama mlangoni kama askari, njoo ukae kitandani nikuone uso. Fungeni mlango. Dirisha liacheni, halina cha kufungwa. Juzi walilivua pazia kama nguo, mkiona, na yule mzee mwenye nyumba amewekwa pale uani kwenye kiti chake anatutazama, na atanitazama hadi roho itoke msipofanya ninayowaambia.

Mimi ni mgonjwa, si kiziwi. Nimesikia ulivyomwambia dada yako kwamba mama akifumba macho tu, utaanza na mzee umalizie na mwanawe, na najua nondo iko chini ya kitanda hiki ninacholalia, kwa sababu ulipoisukuma iligonga chaga na mgongo wangu ukasikia. Nitaifikia hiyo nondo. Kwanza nisikilizeni, maana habari hii mnaijua vipande vipande.

Tulipopanga vyumba hivi, baba yenu na mimi, mwenye nyumba alitupa masharti huku anapapasa ukuta kama anapapasa ng'ombe wake: msumari marufuku, gundi marufuku, kitambaa dirishani marufuku, eti dirisha likifunikwa unyevu unakula rangi. Ndiyo maana wapangaji walimwita Mzee Rangi. Mimi, mshona mapazia, niliyefunika madirisha ya watu mji mzima, nikae uchi kwenye kioo changu mwenyewe! Nilicheka, nikidhani ni maneno tu. Kumbe mtu anapita mchana kutwa dirisha hadi dirisha, mikono nyuma, anakagua rangi, na rangi aliyoikagua zaidi ilikuwa ya chumba alichovalia dada yenu. Mwanangu wa kwanza, usiiname, aibu si yako. Alikuwa anavaa sare ya shule chini ya kitanda, amelala chali kwenye saruji, na mimi mama yake nampitishia viatu. Mtauliza kwa nini hatukuhama. Kuhama kunataka pa kuhamia.

Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori na mtu mwenye subira ya kukera. Akatafuta njia isiyovunja sharti. Akakata fimbo ikazidi nafasi ya dirisha kwa unene wa ukucha, akaibana kati ya kuta mbili bila msumari, nikatundika pazia. Mzee Rangi akaingia na ufunguo wake wa akiba tukiwa kazini, akaichomoa. Nikapika uji mzito wa unga, nikalowesha kitambaa chepesi nikakibandika kwenye kioo, kitu ambacho ukikimwagia maji kinatoka na hakiachi doa. Siku hiyo alikuja na nyundo. Hakubisha hodi. Alisimama nje akafoka kwamba kama hatutaki kioo chake kionekane, basi tusiwe na kioo, na baba yenu alikuwa ndani, uso umekaribia kitambaa, anakilainisha kwa kiganja. Nyundo ilipiga mara moja. Nilisikia kioo, halafu nikamsikia baba yenu, na sauti ile sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Jicho lake la kulia lilikwisha pale pale, damu ikapita katikati ya vidole ikachanganyika na uji, na Mzee Rangi, badala ya kukimbia, akapitisha mkono kwenye fremu tupu akashika kitambaa ili akivute.

Pasi yangu ya mkaa ilikuwa mezani, imekolea moto. Niliichukua nikaiweka juu ya mkono ule, nikaegemea kwa uzito wangu wote kama ninanyoosha suruali ya kitambaa kigumu. Alilia hadi ua mzima ukatoka. Sijutii, na huko ninakokwenda nikiulizwa nitajibu hivyo hivyo. Lakini kilichomshinda si pasi. Wapangaji walimwona baba yenu anatolewa nje, kichwa kimefungwa shuka inayochuruzika, na asubuhi iliyofuata kila dirisha la ua huu lilikuwa limefunikwa, huku taulo, huku gunia, huku suruali ya mtu, na Mzee Rangi akasimama katikati na bandeji yake asijue aanze kumfukuza nani. Fimbo ya baba yenu ikarudi mahali pake. Lori hakupewa tena. Akawa ananipigia pasi hadi kufa kwake.

Sasa mzee amepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande, na mwanawe anayesimamia nyumba amerudisha masharti. Juzi aliingia hapa, akavunja fimbo ile kwa goti, na kitinda mimba wangu alipomzuia akamsukuma hadi jino likabaki sakafuni. Niliona yote, mkono haunyanyuki. Hasira yako, mwanangu, ni yangu, nilikunyonyesha. Ningekuwa na nguvu ningeomba mnipe pasi. Lakini yule pale kitini utampiga nini? Hawezi hata kujifuta mate. Na ukiua, watu watasahau jicho la baba yako, watasahau jino la mdogo wako, watasimulia nondo tu, na wewe utafungiwa kwenye chumba ambacho askari jela anachungulia akitaka. Nikuhangaikie nikufunike miaka yote, halafu ukajianike mwenyewe?

Maji. Kidogo. Inatosha.

Cherehani ni ya mwanangu wa kwanza. Mkasi mkubwa na vitambaa vyote ni vya kitinda mimba. Pasi isiuzwe, ikae pale mezani, atakayeingia bila hodi aione. Yule kijana akija tena kutoa pazia, pigeni kelele ua utoke, simameni dirishani wote watatu. Akiwagusa, mpigeni makofi ya kumtosha, lakini arudi kwao kwa miguu yake. Hameni mkipenda, si mkifukuzwa.

Na wewe, fundi. Itoe hiyo nondo. Mbele yangu. Lete msumeno wako wa chuma, upime dirisha, uikate izidi kwa unene wa ukucha kama alivyofanya baba yako, na ncha uzifunge kitambaa isije ikachubua rangi ya watu... msinichekeshe, kifua kinauma. Pazia la bluu liko ndani ya sanduku, nililishona kwa siku hii. Nitaoshwa humu chumbani, na yule mzee hataniona. Nimemnyima maisha yangu yote, sitampa leo.

Mbona umesimama? Kata. Nataka nisikie inakatwa, nisije nikaondoka na nondo nzima mgongoni.

Haya... naisikia. Usiharakishe, msumeno utakatika... Mungu awape madirisha yenu wenyewe. Awape usingizi. Msigombanie vitambaa. Nimewaridhia wote, na wewe mwenye chuma... leo nimekuridhia zaidi.

Imebana? Igonge kidogo kwa kiganja... Vuteni pazia. Sasa mmoja atoke nje, asimame nyuma ya kiti chake, aniambie mzee anaona nini.

Kitambaa?

Kitambaa tu... Vizuri.