Mutu Aliyetuuzia Anga

Salaam aleikum kwa ninyi wa musikiti, na amani ya Bwana kwa ninyi wa kanisa. Na ninyi ambao munakuja hapa juu ya akiba tu, nawasalimia pia, najua ninyi njo wengi.

Mama rais wa mutuweli yetu, chama hiki cha akiba, ameniomba nisimame, nieleze namna nilianguka na namna nilisimama tena. Nilimukatalia muda mrefu. Si kwa haya, haya ilinitoka zamani. Nilikataa sababu nikianza kusema juu ya ule mutu kinywa changu kinachafuka, na hapa wamekaa wazee. Leo nitajaribu kusema vizuri. Jina lake sitalitaja, na si kwa heshima. Ana majina mengi, na nafikiri hakuna hata moja alilopewa na mama yake.

Munanijua. Ninauza mawese hapa sokoni Kasongo, kwenye pembe ya wauza chumvi. Mume wangu ni mulimaji, mutu wa maneno machache. Binti yetu wa kwanza aliolewa Lusangi, kwa kijana anayechimba zahabu. Kule alikokaa hakuna rezo. Mutu akitaka kupiga telefone anapanda mulima, anasimama juu ya jiwe ambalo kila mutu analijua, ananyoosha mukono juu kama anayeomba mvula, na mara nyingi anashuka bila neno.

Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimushika vibaya. Mume wake alipanda ule mulima, telefone ikakataa. Akashuka, akatuma motari wa pikipiki atuletee habari. Ilikuwa wakati wa mvula, na barabara ya Kabambare munaijua, sina haja ya kuwaelezea matope. Wakati ule motari alifika kwetu, mutoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Mimi nilipofika Lusangi nilimukuta binti yangu amekaa kitandani, maziwa yanamulowanisha nguo, na hakuna wa kunyonya.

Ninawaelezea ile ili mujue ule mutu alinishika wapi. Kuna watu hapa muji wanasema nilikuwa na tamaa ya utajiri. Waseme. Wenzangu walinunua faida. Mimi nilinunua rezo ya Lusangi.

Basi akafika. Alikuwa na viatu vyeupe, wakati wa mvula, hapa kwetu. Motari alikuwa anamutoa kwenye hoteli na kumushusha mulangoni mwa sali ya mikutano, ili viatu visiguse udongo wetu. Ndani ya sali hakuvua miwani yake nyeusi. Swahili yake ilikuwa ya mutu anayezungumza na mbuzi, polepole na kwa sauti kubwa. Na sisi tulimusikiliza kama mbuzi, nawaambia, masikio mbele.

Akaweka filme kwenye ukuta. Tukaona roketi inapanda na moto chini yake. Tukapiga makofi. Watu wazima, wenye wajukuu, tunapigia makofi moshi wa wengine. Akasema kuna kampuni zinarusha satelite ambazo zinaongea na telefone ya kawaida, hii ndogo ya mukononi, bila mulingoti hata mumoja. Na ile, ndugu zangu, ni kweli. Kisha niliuliza watu wanaojua, wakaniambia ni kweli, kwa nchi zingine imeanza. Alichukua ukweli wa wengine akaumwanga juu ya uongo wake. Mutu wa mawese anajua ule wizi. Bidoni ya mafuta ukiiangalia juu inangaa vizuri, kumbe chini ni maji.

Yeye, alisema, alikuwa amepewa ruhusa ya kutuuzia aksio, ni kusema vipande vya moja ya zile kampuni. Anayenunua leo kwa bei ya mbuzi, kesho atauza kwa bei ya nyumba. Wakubwa wetu walikuwa wamekaa mustari wa mbele, wanakunywa soda yake, wanatingisha vichwa. Hakuna hata mumoja wao aliyenunua. Walikula bila kununua, sisi tukanunua bila kula.

Mimi nilinyoosha mukono. Niliuliza Lusangi itapata lini.

Akanisogelea, akasema, "Mama, satelite haijui Lusangi wala Paris. Kwake vyote viko chini."

Wamama wenzangu, mimi nililia. Mbele ya watu wote nililia, na yeye akanipa kitambaa chake cha mufukoni, kinanuka manukato. Kitu cha pekee nilichopata kwa ule mutu ni kile kitambaa. Akaniuliza jina langu kamili. Nikamupa jina la ubatizo, ambalo sijalitumia tangu utoto, hata mume wangu alikuwa amelisahau. Nilifikiri mambo ya mbinguni yanataka jina la kanisa. Lile jina sitawaambia leo, mutacheka mpaka kesho.

Nilipofika nyumbani nilimuelezea mume wangu. Yeye alisema tu kama haelewi kitu kinachoelea bila kushikwa. Nikamujibu hata jua linaelea. Akaendelea kunoa jembe. Nikauza parseli yangu, kiwanja cha barabara ya Kabambare, pale nilitaka kujenga duka, nikaweka juu yake feza yote ya mawese, nikampelekea yule wa viatu vyeupe. Aliipokea kwa mikono miwili, na heshima nyingi. Mwizi wa usiku hana adabu kama ile.

Kulikuwa na wenye mashaka, basi akatupeleka mulimani, inje ya muji, kutuonyesha. Tulikwenda kwa moto, ni kusema pikipiki, tumejaa matope mpaka kwenye meno. Akatoa telefone nene yenye antena kubwa kama kidole gumba, akabonyeza, na kweli mwanamuke akaitika, akatusalimia kwa Swahili safi. Watu wakakumbatiana. Ile telefone, tulikuja kujua, ni aina ya zamani, watu wa misaada wanatembea nayo tangu miaka mingi, mutu yeyote mwenye pesa anaweza kuikodi. Haikuwa na uhusiano hata kidogo na vile alivyotuuzia. Ni kama mutu akupandishe kwenye motokari ya jirani, kisha akuuzie kiwanda cha motokari. Niliomba aite Lusangi. Akasema satelite ya Lusangi imetoka kupita. Na mimi, mama muzima, nikatazama juu kuiaga.

Kisha akatuaga, anakwenda Kindu kuchukua ndege, ataludi na vyombo. Tulimupigia siku zilizofuata. Yeye aliyetuuzia rezo alikuwa inje ya rezo.

Sitawadanganya, nilianguka chini kabisa. Meza yangu sokoni ilichukuliwa na mutu mwingine. Nilianza kubeba mawese ya wengine kichwani, kwa miguu, mpaka Nyangwe, na huko nabeba samaki wao mpaka hapa. Viatu vyangu vilipokufa sikupata vingine. Watoto wa jirani waliniita Mama Satelite. Mume wangu hakunigombeza hata siku moja, na ile iliniumiza zaidi. Ningependa apige kelele. Yeye aliamuka asubuhi, akaenda shambani, akaludi, akakula, akalala. Niliacha kwenda kanisani. Niliacha kusalimia watu. Tulioibiwa hatukuongea hata sisi kwa sisi. Kila mutu alificha kidonda chake kama ugonjwa wa aibu, na ukimya ule njo ulikuwa shamba la wezi.

Sababu walifika tena. Safari hii alikuwa mwingine, na alijiita avoka, mutu wa sheria. Huyu hakuvaa miwani. Huyu alikuwa na sauti ya kilio, alitushika mikono, alisema amekuja kutoka mbali kututetea. Akatukusanya kwenye sali ileile. Akasema feza zetu hazikupotea, zimefungwa kule juu kwenye kampuni ya satelite, na yeye anajua mulango wa kuzifungulia, ila kila mutu atoe kidogo ya kufungua dosie ya kesi. Feza zetu, kumbe, zilikuwa zinazunguka dunia, zinatutazama tunavyoteseka.

Na watu walianza kusogea mbele. Nawaambia ukweli, hata mimi moyo wangu ulisogea. Mutu aliyezama anashika hata nyoka. Jirani yangu, mama mumoja wa upande wa musikiti, yuko hapa na anajijua, alikuwa amekwisha kufungua fundo la kikwembe chake, pale anafunga feza.

Akaanza kutuita mumoja mumoja kwa upole. Akafika kwangu, akaniita kwa lile jina la ubatizo.

Nikasimama, nikamuuliza, "Bwana avoka, lile jina ulilipata kwa nani?"

Akasema alilipata Kinshasa, kwa wakubwa wa kesi.

"Lile jina nililitoa mara moja tu," nikamwambia, "ndani ya nyumba hii, kwa mutu mumoja. Kama wewe unalijua, basi wewe na yeye munakula sahani moja."

Yeye akatabasamu, akawaambia watu kama uchungu umeniharibu akili. Akanigeukia na ile sauti yake ya musiba. "Kaa chini, mama. Tunataka kukusaidia."

"Mulikwisha kunisaidia," nikasema. "Tazama miguu yangu."

Nilibaki nimesimama na miguu yangu ile yenye nyufa. Kisha jirani yangu akafunga tena fundo la kikwembe chake, polepole, akalikaza kwa meno. Akaja akanishika mukono, akasema, "Twende nyumbani." Na nyuma yetu nikasikia viti vinasogezwa.

Ule avoka alitoka na sakosi yake ya safari kutafuta moto. Motari waliosimama pale inje, kila mumoja alikuwa na mama ao shangazi ndani ya ile sali. Hakuna aliyemubeba. Akaanza kutembea kwa miguu, anavuta ile sakosi ya magurudumu ndani ya udongo, na magurudumu hayazunguki. Watu wanatuuliza juu ya nini hatukumupiga. Kumupiga ni kumupa heshima. Tulimutazama tu mpaka kona, wanawake kwa wanaume, kama munavyotazama mbwa aliyeingia sokoni anatoka.

Kutoka siku ile, sisi tulioibiwa tulianza kuongea. Jirani yangu alinipa nusu ya meza yake, na bidoni za mawese za kuanzia, akaniambia nisimutaje Mungu wangu wala wake, niuze tu. Ninyi wa mutuweli mulinipokea na kitu kidogo sana, ambacho wengine wangekiona aibu kukipokea. Nikaanza tena na kipimo cha chupa. Mume wangu yeye alipanua shamba la muhogo. Hakuniambia kama ni kwa ajili yangu. Siku moja nilikuta viatu vya plastiki karibu na mulango, kipimo changu, na yeye amekwisha kwenda shambani.

Kisha habari ikafika kama binti yangu ana mimba tena. Mume wangu alisikia, akaweka jembe chini. Akapanda moto mwenyewe, yeye asiyependa moto, akaenda Lusangi mbele mvula haijaanguka, akamuleta binti hapa Kasongo. Tulikaa naye mpaka siku yake. Alizalia hospitali, mikononi mwa munganga, na mimi nilikuwa inje ya mulango. Ni musichana. Anatambaa sasa, ananimwangia mawese.

Ninashukuru. Namushukuru jirani yangu, ambaye angeweza kucheka kama wengine, na hakucheka. Nawashukuru ninyi wa mutuweli. Nawashukuru wale motari, ambao hawakujua wanafanya kazi kubwa kwa kukataa kazi. Namushukuru mume wangu, ingawa hayuko hapa, na hata angekuwa hapa angetazama chini. Wakubwa wa mustari wa mbele siwashukuru. Wanajua sababu.

Fundisho langu si refu. Mutu akikuibia, sema. Sema kwa sauti, sema sokoni, sema hata wakicheka, sababu mwizi wa pili anapitia mulango ambao aibu yako imeuacha wazi. Na kitu cha kesho, hata kikiwa cha kweli, mungojee kikuwe cha leo. Mimi sizichukii satelite. Wazungu ao Wachina wakitaka kuweka vyombo vyao kule juu, waweke, anga ni ya Mungu na ni kubwa. Siku rezo yao itafika Lusangi, binti yangu atanipigia na mimi nitaitika, nitalipa kama ninavyolipa chumvi, nikiwa nimeonja. Lakini mbele ya siku ile mutu asinikaribie na kipande cha mbingu mukononi. Nitamuuliza mama yake alimuita nani.