Mchekeshaji Tuliyekataa Kumwamini

Papa Osvaldo Peixoto anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2008, baada ya miaka kumi na tano ya kupiga mopu katika jengo letu na kupiga gitaa katika chumba chetu cha chai. Kwa mopu hatumsifu sana. Kona za ngazi ni mashahidi.

Alifika London mwaka 1993 akatuambia kwamba kwao Brazili, huko Fortaleza, alikuwa mchekeshaji wa redio, na nyimbo zake za kejeli zilimkosesha meya usingizi hadi yeye Papa akafukuzwa kazi. Tukasema, sawa Papa. Sisi wasafishaji wa London kila mtu alikuwa mkubwa alikotoka. Leonard alikuwa mkurugenzi wa posta Uvira. Anne alibakiza kidogo tu aolewe na waziri.

Kutoaminiwa kulimuuma kuliko mgongo. Basi kila Ijumaa alishika gitaa atuonyeshe yeye ni nani. Kiswahili alichookota kwetu kilikuwa kibovu, ila kwa kututukana kilitosha. Leonard, anayetoka kwake Thornton Heath amevaa suti ili majirani wadhani ni bosi, aliimbiwa kwamba ndani ya brifkesi yake mna ovaroli na nusu mkate. Meneja, aliyetuita familia moja huku akifunga friji ya maziwa kwa kufuli, alipata wake: “Familia yetu kubwa, ng'ombe wetu kafungwa.” Wakubwa wa ghorofa ya tano, waliousikia bila kuelewa maneno, wakaupiga mluzi kwenye lifti, kisha wakamuuliza meneja maana yake. Kufuli likatoka siku hiyo hiyo.

Kila wimbo ukiisha alituuliza kama sasa tunaamini. Leonard, machozi ya kicheko mashavuni, alijibu: “Bado, Papa. Jaribu tena Ijumaa.”

Sasa anaondoka, tuseme ukweli. Mwaka 1994, katika soko la Walthamstow, mama mmoja Mbrazili alimsikia Papa akiongea huku akibonyeza maembe, akaona haya kumsogelea, akamnong'oneza Anne, aliyekuwa na Papa, kwamba sauti ya mtu yule ndiyo iliyomchekesha marehemu baba yake redioni kila asubuhi. Anne akatuletea habari. Tukashauriana, tukanyamaza. Tuliogopa kwamba akijua tunamwamini, Ijumaa atakunywa chai tu kama watu wengine.

Papa, tumekuamini miaka kumi na minne. Asante kwa matusi yote. Rudi Fortaleza salama, ukale uzee kwa raha. Na ukiwasimulia kwamba ulikuwa mtu mkubwa London, tunakuombea wasikuamini upesi.