Kiti cha Shangazi Katika Ndege ya Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakurugenzi wa shirika letu, marubani na wahudumu, ndugu wageni waalikwa, na wewe shangazi yangu uliyeketi nyuma kabisa karibu na mlango: nawasalimu nyote.

Kama meneja wa njia hii mpya ya ndege, nimepewa nafasi niisifu. Kati ya mji tuliotoka na mji huu ni kilomita mia tano. Basi likienda vizuri ni saa kumi; ndege yetu ni saa moja tu, hujamaliza soda yako unaambiwa funga mkanda, tunatua. Nani asingefurahi? Mimi nilifurahi mno, nikamtangazia kila mtu nyumbani kwamba kiti cha kwanza ni cha shangazi, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, na ambaye hajawahi kupanda ndege maishani.

Basi jana alasiri akafika uwanjani kabla hata hatujafungua kaunta. Gauni jipya, viatu vinambana, anaringa kweli kweli! Tukampima yeye na mzigo wake, maana ndege ni ndogo na kila kilo ina hesabu. Mara msafara wa Mheshimiwa ukaingia na mtu mmoja wa ziada. Rubani akaniambia, "Bosi, mmoja lazima abaki. Chagua wewe."

Mnajua nilichaguaje? Nilipitisha macho nikimtafuta ambaye hatagomba. Loo, asante ya punda ni mateke! Nikamwita pembeni, nikamwambia kwa sauti ya kiofisi, "Mama, tunaomba radhi, ndege imejaa." Nilimwita "mama" kama abiria nisiyemjua, watu wasije wakajua ni wangu. Akaniangalia, akasema, "Haya mwanangu, wapishe wakubwa. Basi nalijua." Mimi nikapanda. Wenzangu walipiga picha mawingu njia nzima, mimi sikuthubutu kuchungulia, maana barabara inaonekana kule chini.

Mheshimiwa, wewe hukujua, sikulaumu. Aibu ni yangu, na leo sina pa kuuweka uso. Shangazi amefika asubuhi hii, miguu imemvimba, na la kwanza aliloniuliza ni kama nimekula. Heri angenitukana!

Nikamwambia ndege ya jioni nayo imejaa, ila nikamwahidi kwamba atarudi nayo. Akacheka kidogo. "Si umesema imejaa tena? Safari hii unamshusha nani, baba?" Nikasingizia simu, nikatoka nje.

Shangazi, jibu nakupa hapa, mbele ya wakubwa wote hawa. Nashuka mimi. Tiketi ya basi nimeshakata, na wahudumu nimewaambia wewe ni nani kwangu, jambo ambalo jana nilishindwa kulisema.

Ndugu wageni, kwa kunisikiliza na kunivumilia, asanteni sana. Shangazi, wewe sikushukuru bado. Kwanza nisamehe.