Mpiga Udi wa Jadida na Jina Lake

Hitima imekwisha, dua imeombwa, na familia inakuombeni wazee mlio barazani, na akina mama mlio ndani, mwisikilize historia ya ndugu yetu tuliyemzika juzi. Imeandikwa na inasomwa na kaka yake, Bakar bin Matano, karani mstaafu wa ofisi ya Mudiri, Wete, ambaye humu amejitaja kwa jina kama alivyowataja wengine, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuandika taarifa.

Marehemu alizaliwa Kengeja mwaka 1904, siku ya Ijumaa kabla ya sala, kama baba yao, mzee Matano bin Pandu, alivyoandika ndani ya jalada la msahafu wake. Alipewa jina la babu, Pandu bin Nyange, mtu aliyetajika Kengeja nzima, ambaye alikuwa hai wakati Bakar anazaliwa, na jina la aliye hai halikuwa likigaiwa. Bakar, aliyekuwa na miaka sita na ndiye mtoto wa kwanza, alikwenda nyuma ya jiko akalia, na bibi yake Kijakazi alipomuuliza kulikoni, alisema ni moshi.

Wote wawili walisoma chuoni kwa Mwalim Khatib, kisha mwaka 1909 Bakar akapelekwa skuli ya serikali Unguja, akajua Kiingereza na baadaye taipu, na Pandu akabaki na baba shambani. Alisoma na kuandika hati ya Kiarabu vizuri, lakini herufi za Kizungu hakuzijua mpaka anafariki. Sauti, hata hivyo, alipewa yeye, na alipoingia katika maulidi watu waliviweka chini vikombe vya kahawa, naye Bakar, ambaye alisoma kwa usahihi zaidi, hakuwahi kuwekewa kikombe chini na mtu.

Mwaka 1926 Pandu alisafiri kwenda Majunga, Bukini, ndiyo Madagaska, akawa mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kifaransa kwa miaka saba, akarudi mwaka 1933 na vitu viwili, udi mmoja wa zamani na Kifaransa cha jikoni. Akafungua tanuri la boflo hapa Jadida, Wete, ambalo wengi wenu mmekula mikate yake. Mwaka 1938 alimuoa Bi Mize binti Ahmada wa Tumbe, wakajaaliwa watoto wawili, Soud, aliyezaliwa mwaka 1940, na Mwanapili, aliyezaliwa mwaka 1945 na sasa ni mwanafunzi wa skuli ya wasichana.

Sehemu inayofuata familia ilitaka ipitwe, Bakar hakukubali.

Mwaka 1959 alikuwapo Wete daktari Mfaransa, Henri Carrel, na mkewe, Madame Lucienne Carrel, mwimbaji, ambaye alitaka kuonyesha jinsi nyimbo za kisasa za kwao zilivyopokea vitu vya wageni. Bakar aliombwa asimamie mipango ya onyesho na kutafsiri, akashona kanzu mpya kwa ajili hiyo, lakini siku ya mazoezi ukumbini Madame alimsikia Pandu, aliyekuja na udi wake, akiujaribu, akamuuliza jambo kwa Kifaransa, Pandu akamjibu, na kwa saa nzima wakazungumza na kucheka, mpaka Madame akamwomba apige naye, huku Bakar amesimama na karatasi zake mkononi.

"Kaka, Kizungu chako leo kimelala?" Pandu akasema, na wote waliokuwa wakipanga viti wakacheka. Bakar alicheka pia.

Jioni ile Bakar alipiga taipu karatasi ya ratiba. Aliandika mwimbaji, aliandika daktari aliyepiga piano, aliandika mwenye ukumbi, aliandika hata wenye lori lililobeba piano, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, na mstari wa mwisho akaandika kwa Kiingereza maneno haya tu, pamoja na mpiga udi wa hapa. Asubuhi Pandu alikuja na unga mikononi, akaifuta mikono kwenye shuka, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole.

"Miye niko wapi, kaka?"

"Hapa," Bakar akasema, akamwekea kidole mstari wa mwisho.

"Mrefu hivi? Umeniandika na babu?"

Bakar akasema ndiyo.

Onyesho lilifanyika Jumamosi tarehe 14 Novemba 1959, saa kumi na moja jioni. Madame alieleza kwa Kiingereza, Bakar akitafsiri, kwamba watungaji wa Ufaransa walisikia gitaa za Hispania, ngoma za Java, nyimbo za Warusi, za Bukini na za Waarabu, wakazikaribisha nyumbani mwao, na tangu hapo nyumba haikuwa ile ya zamani. Watu walisikiliza kama wako kwenye hotuba, mpaka wimbo wa mwisho, ambao Pandu aliutangulia kwa udi, ndipo ukumbi ulipoinuka kama ulivyozoea kwenye taarabu, akina mama wakaenda mbele kumtunza vikuba vya asumini, na Madame akanyamaza katikati ya wimbo akidhani kuna ajali. Pandu akamwambia neno, yeye akachomeka kikuba kimoja kwenye nywele, akaendelea. Bakar peke yake hakuinuka.

Ratiba ile Pandu aliiweka tanurini, ndani ya bati la hamira, na kila mgeni alionyeshwa mstari wa mwisho, hata pale alipouwekea kidole pakawa rangi ya chai. Waliojua kusoma walisoma, wakamtazama, wakanunua mkate.

Mwezi wa Machi 1962 alianza kuvimba miguu, akalazwa hospitali ya Wete mara mbili, ikajulikana ni moyo. Tarehe 2 Oktoba Mwanapili alikwenda kwa Bakar na karatasi ile, akaweka kidole mstari wa mwisho, akasema, "Baba mkubwa, hapa hapana jina la mtu," akaiacha mezani. Bakar alikwenda hospitali siku hiyo hiyo, akamwambia ndugu yake yote, pamoja na moshi wa Kengeja.

"Nayajua," Pandu akasema. "Mwanapili alinisomea mwaka jana."

Bakar akamuuliza kwa nini, basi, aliendelea kuwaonyesha watu.

"Ningesema nini? Kwamba kaka yangu, anayeandika majina ya mji mzima, langu limemshinda?" Akapumzika kidogo. "Utaniandika tena, si siku nyingi. Ukiniandika, niandike na babu."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba 1962, alfajiri, akazikwa siku hiyo baada ya Alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Wete, majirani wa Jadida waliochimba na kupika, jamaa wa Tumbe na Kengeja, na wenzake wa tanurini, ambao tangu Jumanne hawakuwasha moto. Inawashukuru pia wote walioonyeshwa mstari ule wakanyamaza.

Ratiba ya onyesho lile imepigwa taipu upya, moja kwa kila nyumba, na mstari wa mwisho unasomeka hivi, udi, Pandu bin Matano bin Pandu bin Nyange, wa Kengeja na Jadida. Pumzika kwa amani, mwenye jina la babu.